D12492: chakula cha panya chenye mafuta asilimia 60, kwa jicho la anayechunguza mafuta ya kahawia

Bidhaa za maabara zinazojulikana kwa namba tu, bila jina, si nyingi. D12492 ni mojawapo. Ni peleti za buluu, zenye mafuta mengi kiasi kwamba zinapondeka kwa vidole viwili, zinazotengenezwa na Research Diets ya New Brunswick, New Jersey, Marekani. Kazi yake ni kunenepesha panya, na kazi hiyo haina mpinzani: panya dume wa aina ya C57BL/6J akianzishiwa akiwa na wiki sita, tofauti ya uzito huanza kuonekana ndani ya wiki mbili tu. Tunachopima hapa ni kitu kingine. Mtu anayetaka kujua lishe ya mafuta mengi inayafanya nini mafuta ya kahawia, yaani tishu ya mwilini inayochoma nishati ili kutoa joto, na inaleta mkazo wa oksidishaji (uharibifu unaoletwa na molekuli kali za oksijeni) kiasi gani, je, chakula hiki kinamsaidia kulipata jibu, au chenyewe kinaingiza mkono ndani ya jibu?

Hukumu yetu kwa kifupi: kinafaa, ila kisinunuliwe peke yake, kisihifadhiwe kiholela, na kisitumike bila kujua joto la chumba. Mengi yanayoharibika huharibika katika mambo hayo matatu.

Tuanze na kilichomo. Pishi moja (yaani mkupuo mmoja wa mapishi) la kilokalori 4057 lina kaseini gramu 200, sistini gramu 3, maltodekstrini gramu 125, sukari gramu 68.8, selulosi gramu 50, mafuta ya soya gramu 25 na mafuta ya nguruwe gramu 245, kisha madini, mchanganyiko wa vitamini gramu 10, kolini na chembe ya rangi ya buluu. Jumla ni gramu 773.85, yaani kilokalori 5.24 kwa gramu. Kwa nishati, mafuta ni asilimia 60, protini 20, wanga na sukari 20. Rangi haina kazi ya lishe. Ipo ili mhudumu wa vizimba asichanganye mifuko, na kwa kazi hiyo inastahili sifa.

Kinachopendeza ni kwamba kila kitu kinajulikana. Hakuna pumba za ngano za msimu huu na soya ya msimu ujao. Mfuko wa leo na wa mwakani una mapishi yaleyale, na mtafiti wa Tokyo na wa Kampala wanaweza kulinganisha matokeo wakijua panya wao wamekula kitu kimoja.

Sasa kasoro ambayo wanunuzi wengi hawaigundui, kwa sababu haionekani mpaka upige hesabu. Chakula cha kulinganishia, D12450J, kina nishati ileile ya kilokalori 4057 kwa pishi, lakini mafuta yake ni gramu 45 tu: soya 25, nguruwe 20. D12492 ina gramu 270. Mchanganyiko wa vitamini ni uleule, gramu 10 kwa kila pishi, wenye vitamini E vipimo 50 vya kimataifa. Kwa hiyo chakula cha kulinganishia kina kama vipimo 1.1 vya vitamini E kwa kila gramu ya mafuta, na chakula cha mafuta mengi kina kama 0.19. Tofauti ni mara sita. Ni kweli kwamba mahitaji ya vitamini E hufuata zaidi mafuta yenye vifungo vingi visivyoshiba, wala si mafuta yote. Na kwa kuwa mafuta ya nguruwe yana kiasi kidogo cha hayo, pengo halisi ni dogo kuliko sita. Hata hivyo bado ni zaidi ya mara mbili. Panya anayekula D12492 anabeba mafuta mengi zaidi yanayoweza kuoksidishwa, huku kinga yake ya vitamini E kwa siku ikiwa ileile ya mwenzake. Ukimpima ukakuta mafuta yaliyooksidishwa yameongezeka kwenye tishu, sehemu ya ongezeko hilo inaweza kutoka kwenye uwiano huu wa mapishi, si kwenye unene wenyewe.

Na kuna jambo jingine kuhusu vitamini E hiyo. Imewekwa katika umbo la asetati, ambalo halikingi chochote mpaka vimeng'enya vya utumbo viikate. Ndani ya mfuko, kwenye rafu, imelala. Mafuta ya soya huja na tokoferoli (vitamini E) zake za asili. Mafuta ya nguruwe karibu hayana. Kwa hiyo chakula kinaweza kuchacha kikiwa bado hakijafika kinywani mwa panya, na hapo unakuwa umemlisha peroksidi (mazao ya mafuta yaliyooksidishwa) kutoka nje kisha ukaziita mkazo wa oksidishaji uliotokana na unene.

Ndiyo maana uhifadhi ni nusu ya bidhaa hii. Weka friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri, kwenye mifuko iliyofungwa vizuri, gizani. Ukipokea mzigo, ugawe siku hiyohiyo katika mifuko midogo ya matumizi ya wiki moja, ili usitoe na kurudisha mfuko mkubwa kila mara. Unyevu unaoganda juu ya peleti baridi unapoachwa wazi ndio mwanzo wa ukungu. Mfuko wa wiki hii ukae friji, nyuzi 4. Ndani ya kizimba chakula kibadilishwe kila baada ya siku tatu au nne, na mabaki yatupwe, yasirudishwe kihorini na kuongezewa juu. Wanaoagiza kutoka Nairobi, Dar es Salaam au Mombasa wasisitize mzigo usafirishwe kwa baridi na usilale kwenye ghala la forodha lenye joto. Friza nayo iwe na jenereta nyuma yake na kipimajoto kinachoandika kumbukumbu, kwa sababu umeme ukikatika usiku mzima peleti huganda tena asubuhi na hakuna atakayejua. Mwenye shaka apime thamani ya peroksidi kwa kuchuja mafuta kwa kiyeyusho baridi na kutitrisha kwa thiosulfeti; kiwango cha Codex (viwango vya kimataifa vya vyakula) kwa mafuta yaliyosafishwa ni miliekwivalenti 10 kwa kilo, na chakula kilichopita hapo hakifai kwa utafiti wa aina hii hata kama panya wanakila.

Je, kiuliwe vijidudu? Mvuke wa otoklevu haufai, mafuta yanayeyuka na peleti zinasambaratika. Njia iliyobaki ni mionzi ya gama, nayo ina bei yake: mionzi huzalisha radikali huru ndani ya mafuta, na kadiri mafuta yalivyo mengi ndivyo peroksidi zinavyoongezeka. Kama kituo chenu kinalazimisha mionzi, vyakula vyote viwili vipigwe mionzi, kwa kipimo kimoja. Kuna wanaoomba kiwanda kiongeze TBHQ ili kuzuia kuchacha. Kwa utafiti wa unene si vibaya. Kwa utafiti wa oksidishaji ni kujitafutia matatizo, kwa kuwa TBHQ yenyewe huiwasha Nrf2, protini inayofungulia jeni za kinga dhidi ya oksidishaji. Ama iwekwe kwenye vyakula vyote viwili, ama isiwekwe kabisa.

Tumekitaja D12450J kwa makusudi. Kosa linaloonekana mara nyingi kwenye makala zilizochapishwa ni kulinganisha D12492 na chakula cha kawaida cha vizimba kilichosagwa kwa nafaka na soya. Craig Warden na Janis Fisler waliliandika hilo mwaka 2008 katika jarida la Cell Metabolism, na bado linaendelea. Chakula cha nafaka kina nyuzinyuzi zinazochachushwa na bakteria wa utumbo, kina isoflavoni za soya zenye tabia ya estrojeni, na muundo wake hubadilika. D12492 ina selulosi tupu, ambayo bakteria wa panya hawafanyi nayo mengi. Ukilinganisha hivyo, hujui kama mafuta ya kahawia yamebadilika kwa sababu ya mafuta ya nguruwe, ukosefu wa nyuzinyuzi, au kuondoka kwa soya. D12450B nayo, iliyozoeleka zamani, ina sukari asilimia 35 ya nishati, ilhali D12492 ina asilimia 7 hivi. Sukari hiyo nyingi inaweza kunenepesha ini la panya wa kulinganishia. D12450J ina sukari gramu 68.8 na maltodekstrini gramu 125, sawasawa na D12492. Kilichobadilishwa ni wanga wa mahindi gramu 506.2 mahali pa mafuta. Hiyo ndiyo jozi sahihi. Hakuna sababu ya kununua kimoja bila kingine.

Tukija kwenye tishu yenyewe. Mafuta ya kahawia ya panya yako hasa katikati ya mabega, na rangi yake inatokana na wingi wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Ndani ya mitokondria hizo kuna protini ya UCP1, inayopitisha protoni bila kutengeneza ATP (molekuli inayobeba nishati ya seli), na nishati ikatoka kama joto. Rothwell na Stock mwaka 1979 walionyesha kwamba panya wakubwa (rat) waliopewa vyakula vitamu vya aina nyingi waliongeza utoaji joto, na wakaihusisha hali hiyo na mafuta ya kahawia. Kwa hiyo jibu la kwanza la tishu kwa mafuta mengi si kuharibika, ni kujitutumua. Katika wiki za mwanzo UCP1 kwa tishu nzima mara nyingi huongezeka. Wakati huohuo matone ya mafuta ndani ya seli yanakua na kuungana, seli zinaanza kufanana na za mafuta meupe, na tishu nzima inakuwa nzito na yenye rangi hafifu. Ippei Shimizu, Kenneth Walsh na wenzao mwaka 2014 walionyesha njia mojawapo ya kufika huko: kwa panya wanene, mishipa midogo ya damu ndani ya tishu inapungua, VEGF-A (protini inayochochea mishipa ya damu kuota) inashuka, seli zinakosa oksijeni, mitokondria zinapotea na molekuli kali za oksijeni zinaongezeka.

Hapa mtu asikimbilie kusema molekuli hizo ni adui. Mwaka 2016 Edward Chouchani, Bruce Spiegelman na wenzao waliripoti kwamba baridi yenyewe huongeza molekuli kali za oksijeni ndani ya mitokondria za mafuta ya kahawia, na kwamba oksidishaji wa sisteini (asidi amino) namba 253 ya UCP1 ni sehemu ya kuwasha joto. Zilipozuiwa, utoaji joto ulidhoofika. Kwa hiyo namba moja tu ya "oksidishaji umepanda", iliyochukuliwa wiki ya 12, haisemi kama tishu inafanya kazi kwa bidii au inakufa. Chukua sampuli angalau mara tatu, kwa mfano wiki ya 1, ya 4 na ya 12, na kila mara pima pia UCP1 na mishipa.

Joto la chumba ndilo linaloweza kugeuza matokeo yote juu chini, nalo halimo kwenye lebo ya mfuko. Nyuzi 21 au 22, ambazo mtu anaziona za starehe, kwa panya mdogo ni baridi inayomlazimu kuwasha mafuta ya kahawia mchana na usiku. Mwaka 1997 Enerbäck na wenzake walionyesha kwamba panya wasio na UCP1 hawanenepi kuliko wenzao. Mwaka 2009 kundi la Cannon na Nedergaard la Stockholm likarudia kwa nyuzi takriban 30, ambapo panya hahitaji kujipasha joto, na hapo panya wasio na UCP1 wakanenepa. Sasa fikiria chumba cha Dar es Salaam kisicho na kiyoyozi, kinachokaa kwenye nyuzi 28 hadi 30, na chumba cha Nairobi ambacho usiku wa Julai kinashuka chini ya 20. D12492 ileile, panya walewale, mafuta ya kahawia mawili tofauti kabisa. Si lazima kuchagua kimoja kuwa sahihi, lakini joto lipimwe ndani ya kizimba na liandikwe, na idadi ya panya kwa kizimba ilingane, kwa sababu wanapokumbatiana wanapashana joto.

Aina ya panya nayo. C57BL/6J, ambaye kila mtu anamnunua, ana jeni ya Nnt iliyokatika. C57BL/6N anayo nzima. Protini ya jeni hiyo husaidia kutengeneza NADPH ndani ya mitokondria, na NADPH ndiyo inayorejesha glutathioni, kinga ya seli dhidi ya oksidishaji, katika hali yake ya kazi. Kuchanganya J na N ndani ya jaribio moja la oksidishaji, au kununua panya waliofutwa jeni wenye asili ya N na kuwalinganisha na J wa dukani, ni kuharibu jaribio kabla halijaanza.

Kwa ulishaji wa kila siku, panya mzima hula gramu 2.5 hadi 3 za D12492. Panya 10 kwa wiki 12 watakula kilo 2 na nusu hivi. Agiza kilo 3 na nusu, kwa sababu peleti laini humeguka kihorini na kuanguka kwenye maranda. Huo umegukaji ndio udhaifu mkubwa wa bidhaa hii kiutendaji. Anayepima ulaji kwa kuzani kihori peke yake atahesabu makombo kama chakula kilicholiwa, na kwa kilokalori 5.24 kwa gramu kosa dogo linakuwa kubwa. Siku za kupima, tandika karatasi au maranda machache, chekecha makombo kwa ungo, yakaushe kama yamelowa mkojo, kisha uyatoe kwenye hesabu. Kabla ya kuanza, wape panya wote D12450J kwa wiki moja ili watoke kwenye chakula cha nafaka wakiwa sawa. Majike hunenepa polepole kuliko madume. Muda wa jaribio lao upangwe hivyo.

Maabara yenye wafanyakazi Waislamu yapange mapema suala la mafuta ya nguruwe: glavu kwa kila anayeshika, na mizani yenye sahani yake. Research Diets ina D12331, yenye mafuta asilimia 58 ambayo kwa sehemu kubwa ni ya nazi yaliyohaidrojenishwa. Inanenepesha pia, na kwa kuwa karibu yote ni mafuta yaliyoshiba, haichachi haraka. Ila usitarajie matokeo ya oksidishaji yalingane na ya D12492. Mafuta ya nazi yana asidi za minyororo ya kati na sukari yake ni nyingi, kwa hiyo inahitaji chakula chake cha kulinganishia.

Upimaji una mitego yake, na chakula hiki kinaikuza. Unapotoa mafuta ya kahawia ya panya mnene, tabaka jeupe la juu limeshikamana nayo na mpaka hauonekani vizuri. Lisipoondolewa lote, utaripoti weupe ambao si wa tishu hiyo. Kata kwenye sahani baridi, sehemu moja iende kwenye formalini, nyingine kwenye nitrojeni kimiminika papo hapo. Kwa kipimo cha MDA (zao la mafuta yaliyooksidishwa) kwa asidi ya thiobabituriki, weka BHT, kizuia oksidishaji, kwenye kiyeyusho tangu mwanzo: sampuli inapochemshwa kwa nyuzi 95, mafuta mengi ya tishu hii yanaoksidishwa ndani ya tyubu, na rangi ya waridi unayoisoma kwenye nanomita 532 inakuwa imetengenezwa na jiko lako. Thibitisha kwa kipimo cha pili, kama vile kabonili za protini au 4-HNE, zao jingine la mafuta yaliyooksidishwa. Glutathioni ifungwe kwa NEM (kemikali inayoishika isibadilike) wakati wa kusaga, la sivyo itajioksidisha ukiitazama.

Kisha swali la kugawanya kwa nini. Tishu iliyojaa mafuta ina protini kidogo kwa kila miligramu, hivyo katalasi (kimeng'enya cha kinga) au UCP1 "kwa miligramu ya tishu" itaonekana imeshuka hata kama jumla yake imepanda. Nedergaard na Cannon wamelisisitiza hili kuhusu UCP1: toa jumla ya tishu nzima. Ripoti zote mbili, kwa protini na kwa tishu nzima. Wanaotenga mitokondria wasage katika sukari ya milimola 250 kwa lita, wachuje kwa shashi, wazungushe kwa mashine kwa 8500 g (mara 8500 ya mvutano wa dunia), waondoe tabaka la mafuta linaloelea pamoja na kuifuta mdomo wa tyubu, ndipo waendelee na 800 g kuondoa viini vya seli na 8500 g tena. Albumini isiyo na asidi za mafuta ni lazima, kwani asidi huru kutoka kwa panya wa D12492 huiwasha UCP1 ndani ya tyubu. Pima peroksidi ya haidrojeni bila GDP na kwa GDP milimola 1 kwa lita, molekuli ambayo huizuia UCP1 kufanya kazi. Tofauti kati ya hizo mbili ina maana kuliko namba yoyote moja.

Asiyehitaji D12492 ni yule anayetaka kuiga mlo wa binadamu wa mjini. Hakuna mji unaokula asilimia 60 ya nishati kutoka kwenye mafuta ya nguruwe na sukari kidogo hivyo. Huyo aangalie D12451, yenye asilimia 45, na D12450H kama jozi yake. Atasubiri zaidi kabla ya tofauti kuonekana, lakini peleti zake ni ngumu kidogo, makombo ni machache, na pengo la vitamini E kwa mafuta ni dogo zaidi. Anayebaki na D12492 aombe mifuko yote ya jaribio itoke kwenye toleo moja la kiwanda, aandike namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa kwenye daftari, na aweke gramu 100 za kila chakula friza mpaka makala ichapishwe.